Chungu cha Kulwa

Sehemu ya habari hii ambayo sikuiona kwa macho yangu nilisimuliwa kwanza na Specioza, mke wa kaka yangu Januarius. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 12 Oktoba 2023, nyumbani kwangu Bariadi, tukiwa jikoni tunachambua mchele. Alisema mara moja tu, na nilipomwomba arudie alikataa. Iliyobaki niliiona mwenyewe, na tarehe zake niliziandika siku zilezile, kwa kuwa mimi ni karani wa masjala na kuandika ndiyo kazi yangu. Nimeyapanga mambo kwa mfuatano wake. Ya Specioza nimeyaacha mahali nilipoyapata, kwa sababu laiti ningeyapata mapema, ningetenda tofauti.

Shangazi yetu Doto alizaliwa Migato mwaka 1940, pacha. Mwenzake, Kulwa, alitangulia kuzaliwa, na akatangulia kufa akiwa na siku tisa. Aliyewafuata ni baba yetu, ndiyo maana akaitwa Shija, jina la anayezaliwa baada ya mapacha. Zamani kwetu pacha mchanga akifa hakuzikwa kama watoto wengine. Alilazwa ndani ya chungu, mdomo wa chungu ukazibwa, kikafukiwa upenuni mwa nyumba, upande anakolala mama. Tangu hapo yule aliyebaki hakula peke yake. Doto akipewa uji, kijiko kimoja kilimwagwa upenuni. Akinunuliwa kanga, upindo ulikatwa ukafukiwa palepale. Wazee waliamini kwamba ukimpa mmoja na kumnyima mwenzake, mwenzake atakuja kudai.

Bibi alituambia jambo jingine kuhusu mapacha hao, nami niliandika. Kila mmoja alizaliwa na kidole cha mwisho kilichopinda. Cha Doto kilikuwa mkono wa kushoto, cha Kulwa mkono wa kulia. Walipolazwa uso kwa uso, vidole hivyo vilinasana, na ilibidi mkunga avitenganishe kila mara.

Mama yetu alipofariki mwaka 1979, shangazi Doto ndiye aliyetulea, Januarius na mimi. Alitufulia, alitulipia shule kwa pamba yake mwenyewe, na alitucheka bila huruma. Mimi alikuwa akiniambia, "Anna, wewe siku ya kufa utaandika kwanza tarehe, ndipo ukate roho." Kisha alimgeukia kaka, "Na wewe Januarius utauza jeneza lako ulalie mkeka." Tulikuwa tunacheka sote.

Jumatatu, tarehe 4 Julai 2022, saa mbili asubuhi, Januarius alisimamisha pikipiki mbele ya nyumba yangu. Nyuma alikuwa amefunga gunia kwa mipira.

"Mwangaluka, Anna."

"Mwangaluka, kaka. Mbona mapema hivi, duka umemwachia nani?" Ana duka la simu pale mjini.

"Duka halikimbii. Nimekuletea kazi ya watu wenye macho."

Alifungua gunia juu ya meza yangu. Ndani kulikuwa na chungu cha kijivu, kizito kama jiwe, kinachonifika juu kidogo ya goti kikiwekwa chini. Kilikuwa na masikio mawili ya kushikia. Mbele kilichorwa ndege wa bluu amekaa kwenye tawi, na juu ya ndege ilikandamizwa tarakimu tatu.

"Unakumbuka babu Luhaga alikuwa mpishi wa Wamarekani wa misheni?" aliniuliza. "Walipoondoka walimwachia kitanda, taa na chungu. Si umeandika kwenye daftari lako?"

Nilikuwa nimeandika. Kitanda kilivunjika, taa ninayo. Mbele ya chungu niliandika: hakijulikani kilipo.

"Nimekipata kwa watoto wa katekista wa zamani," alisema. "Kilikaa stoo miaka yote. Kuna mzee Mwanza anaitwa Athanasi, anajua vitu vya kale, anawapatia Wazungu. Anataka kujua umri wake, lakini ananiuliza maswali mia. Mimi sina subira hiyo. Wewe unayo."

Sikumuuliza zaidi. Nakiri nilifurahi. Kitu kilichokuwa kimepotea kwenye orodha yangu kilikuwa mezani kwangu, na kaka aliniamini nikipime.

Nilianza kuwasiliana na mzee Athanasi siku hiyohiyo kwa simu. Alikuwa akinitumia ujumbe wa sauti, mrefu, huku akikohoa na kucheka.

"Dada Anna, usinionyeshe ndege. Kila mtu ananionyesha ndege. Nionyeshe tumbo."

Nilimtumia picha ya ubavu. Aliniambia vyungu vya zamani zaidi vya Wamarekani vina tumbo lililotuna kama yai, na kadiri miaka ilivyosonga wafinyanzi wao walivinyoosha, hadi vikawa vimesimama wima kama ndoo. Hiki kilikuwa karibu wima, kimetuna kidogo tu mabegani. Akaniambia nipitishe kidole kwenye ngozi yake. Ilikuwa na vishimo vidogovidogo kama ganda la chungwa.

"Hiyo ni chumvi," alisema. "Tanuri likiwa limeshika moto mkali, walirusha chumvi ndani. Mvuke wake ukaganda juu ya udongo kama kioo. Vya baadaye vilipakwa weupe kama maziwa, hiki bado. Sasa mkwaruze ndege kwa ukucha."

Nilimkwaruza. Sikusikia kitu. Ndege alikuwa laini kama kivuli kwenye maji.

"Vizuri. Rangi iko chini ya kioo. Imechomwa humo, haitoki hadi mwisho wa dunia. Ingekuwa ya kupakwa juujuu ungeisikia kwenye ukucha. Na mchoro ni wa mkono, si wa chapa. Kigonge."

Nilikigonga kwa kifundo cha kidole. Kililia kama kengele, na mlio ukakawia.

Alitaka pia kuona ndani. Ndani kulikuwa na rangi ya kahawia iliyokolea, inang'aa, kama sukari guru iliyoyeyushwa. Aliniambia huo ni udongo mwembamba uliomiminwa ukiwa uji, ukazungushwa, ukamwagwa kabla ya kuchoma. Nilipiga picha. Palikuwa safi kabisa.

"Kama sahani ya askofu," alisema Athanasi. "Kati ya 1865 na 1885, dada. Mke wa mmisionari lazima alirithi kwa bibi yake. Pima urefu, mdomo na kitako, kisha nipigie tena picha ya ndani, safari hii juani. Nataka nione kama kuna ufa."

Jumatano, tarehe 6, saa sita mchana, nilikitoa uani. Jua lilikuwa limesimama katikati. Niliinama na simu, nikaona alama.

Chini kabisa, karibu na kitako, palikuwa na vidole vitano. Vidogo. Kiganja kizima hakikuzidi upana wa sentimita tatu. Vilikuwa vimebonyezwa ndani ya ule wekundu wa kahawia kama mtu anavyobonyeza siagi.

Athanasi alifurahi. "Ala! Mbona ulinificha hiki? Mfinyanzi alikuwa na mtoto! Mtoto ameshika wakati udongo bado mbichi, baba yake hakuona, akachoma. Hiki kinapandisha thamani."

Nilirudi kwenye picha ya Jumatatu. Niliikuza. Mahali palepale, pembeni ya tone lilelile la kahawia, palikuwa laini. Mimi si mtu wa kupitwa na kitu. Nilijiambia ni mwanga.

Jumamosi, tarehe 9, nilikitoa tena nipime mdomo. Mkono ulikuwa umepanda. Sasa ulikuwa katikati ya ubavu, upana wa sentimita sita. Mkono wa mtoto wa miaka kumi. Kule chini palikuwa laini.

Nilipiga picha. Nilituma. Safari hii Athanasi hakutuma sauti, alipiga.

"Dada, mna vyungu vingapi huko?"

"Kimoja."

"Usinifanye mtoto. Hivi ni viwili. Udongo uliochomwa haubadiliki. Ukitaka kuubadilisha, uuvunje."

"Mzee, kimoja."

Alikohoa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Huo mkono ni wa kulia au wa kushoto?"

"Wa kulia."

"Ule wa kwanza pia ulikuwa wa kulia," alisema, akakata.

Jioni hiyohiyo Specioza alinipigia. Yeye na kaka wana nyumba Migato, ua mmoja na shangazi. Alisema shangazi hayuko sawa. Ameiacha fimbo yake, na hatembei. "Anajikokota kwa makalio, wifi. Leo ameniita mayu." Mayu ni mama. Shangazi alikuwa na miaka themanini na miwili, na Specioza alikuwa mdogo wake kwa miaka thelathini na mitano.

Jumapili nilikwenda. Nilimkuta amekaa upenuni, juu ya baraza jipya la saruji.

"Kaka yako amenijengea," aliniambia. Siku hiyo alinitambua bado, ingawa alinitazama kama mtu anayetafuta jina. "Pa kuotea jua. Na Kulwa hakumsahau, ona." Alinionyesha kipande cha bomba la plastiki kilichosimama katikati ya saruji. "Nikitaka kumpa maji, namimina humu."

Alimimina kikombe. Nilisikia maji yakishuka. Yalikawia kabla ya kutua, na yalipotua yalilia kama yameangukia kwenye shimo tupu.

Niliandika hilo. Sikulielewa. Watu husema damu hukuambia, lakini damu yangu haikuniambia kitu. Nilikuwa nafikiri juu ya saruji, kwamba kaka amefanya jambo jema. Specioza alipita na beseni la nguo, akatazama bomba, akageuza uso.

Jumanne, tarehe 12, nilitoka kazini mapema. Sikukitoa uani. Nilifungua dirisha la sebule, nikafunua gunia, nikatazama.

Mkono ulikuwa chini kidogo ya mdomo. Mkono wa mtu mzima. Upana sentimita nane na nusu. Ulikuwa na mistari ya kiganja. Ulikuwa na mikunjo ya ngozi. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kwa ndani.

Niliingiza mkono wangu wa kulia. Niliuweka juu ya ule. Vidole vyangu vinne vilikaa. Cha tano kilikataa.

Pale chini ya kiganja changu palikuwa na joto.

Niliutoa. Nilifunika. Nilisimama katikati ya sebule yangu, mchana, redio ya jirani ikitangaza bei ya pamba, na hapo ndipo nilipojua babu Luhaga alikuwa amekiweka wapi kile chungu. Vyungu vyetu vya udongo hupasuka, mvua huviingia, mbwa huvifukua. Alikuwa na kimoja ambacho hakipasuki. Alimpa mtoto wake kile kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Alhamisi asubuhi nilikwenda dukani kwa Januarius. Nilisubiri mteja atoke.

"Chungu umekitoa wapi?"

"Si nilikuambia."

"Kaka. Umekitoa wapi?"

Alipunguza sauti ya redio. Hakunitazama. "Lilikuwa vumbi, Anna. Miaka themanini na miwili. Hamna mtu mle."

"Alitulea."

"Na nimemjengea baraza! Nani mwingine amemjengea?"

"Umemwekea bomba," nilisema. "Anamimina maji kwenye shimo tupu, na wewe unamtazama."

Alizima redio. Kisha alifanya kitu ambacho hajawahi kufanya tangu utotoni, alinishika mkono. Alisema nimemwonyesha kosa lake. Alisema atakichukua chungu jioni ile, Jumapili atabomoa saruji kwa mkono wake, na tutakirudisha sote pamoja, shangazi akiona. Alisema hadi machozi yakamtoka. Nilimpa ufunguo wa nyumba yangu.

Jumapili, tarehe 17 Julai, saa nne asubuhi, tulikuwa Migato, sisi wanne tu. Januarius alikuwa amekwisha kuvunja saruji. Shimo lilikuwa wazi. Shangazi alikuwa amelazwa juu ya mkeka karibu yake, kwa kuwa hakuweza tena kukaa. Alikuwa ananyonya kidole chake kilichopinda. Specioza alikuwa akimfuta mate kwa upindo wa kanga.

Kaka alikileta chungu mikononi, kimefungwa kitambaa cheupe. Alikishusha karibu na kichwa cha shangazi na kukifunua. Cha kijivu. Masikio mawili. Ndege wa bluu. Kilikuwa na kifuniko, nacho kimezibwa kwa saruji mpya.

Shangazi alipokiona, alitoa kidole mdomoni. Macho yake yalirudi. Sijui niseme vipi. Yalikuwa macho yake yaleyale ya kunicheka.

"Anna," alisema.

"Nipo, shangazi."

"Huyu simwamini." Alielekeza kidevu kwa Januarius. "Huyu angeuza hata mlango akalala nje. Wewe hudanganyi. Hujui hata kudanganya, maskini. Niambie. Ndicho?"

Nilipiga magoti nikakishika. Ngozi yake ilikuwa laini. Haikuwa na vishimo. Nilikigonga kwa kifundo. Kilitoa mlio mfupi, kama bati lililofunikwa na nguo. Niliweka ukucha kwenye jicho la ndege, nikakwaruza.

Bluu ilitoka. Ilikaa chini ya ukucha wangu.

Baadaye nilijua kilikuwa mtungi wa kuchachulia kabichi, ulioachwa na wajenzi wa barabara kwenye kambi yao ya zamani, na ndege alichorwa na fundi wa kuandika mabango pale mjini. Wakati ule nilijua tu kwamba sicho. Nilijua kwa sababu mimi ndiye niliyefundishwa. Kaka alinipa kazi ile, na kwa kazi ile nilimkamata.

Januarius aliinama kama anayenisaidia kunyanyua. Mdomo wake uligusa sikio langu.

"Kimekwisha kwenda," alinong'ona. "Tangu jana. Ukisema hapana, unamuua sasa hivi."

"Anna?" alisema shangazi.

Nilimtazama. Alikuwa ameshika nguo yangu kwa mkono wa kushoto.

"Ndicho, shangazi," nilisema.

Alinitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha alisema kwa upole, "Haya." Aliachia nguo yangu.

Tulikishusha. Tulifukia. Januarius alipiga ishara ya msalaba. Saa ya simu yangu ilionyesha saa tano na dakika kumi na mbili. Shangazi alifumba macho, na kwa muda nilihesabu pumzi zake, zikawa zinakawia. Moja. Nyingine. Kisha hakuna.

Specioza alianza kulia.

Ndipo shangazi alipokaa. Alikaa mara moja, mgongo wima, bila kushika kitu. Alisimama. Alipangusa vumbi kwenye kanga. Alitutazama mmoja mmoja kama mgeni anayehesabu wenyeji.

"Nina njaa," alisema.

Januarius alicheka kwa sauti, cheko la mtu aliyeponea chupuchupu. "Unaona?" aliniambia. "Unaona sasa? Yote yalikuwa moyoni mwake tu. Ameona chungu, amepona."

Specioza alisonga ugali. Shangazi alikula wa kwake wote, akaongezewa, akamaliza na huo. Hakumega tonge la upenuni. Nilimletea maji ya kunywa, na kikombe kingine cha kumimina, kama nilivyofanya tangu nikiwa na miaka sita. Alikunywa cha kwanza. Akanyoosha mkono akachukua cha pili, akakinywa pia.

"Na Kulwa, shangazi?" nilimuuliza.

Alinitazama kwa muda. "Kulwa ameshiba," alisema.

Aliponirudishia kikombe niliona mkono wake. Ulikuwa wa kulia. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda. Nilimshika pia mkono wake wa kushoto, kama mtu anayeaga. Vidole vyake vyote vitano vilikuwa vimenyooka.

Sikumwambia mtu. Nilipanda pikipiki nikarudi Bariadi. Jioni nilimpigia Athanasi, nikamwambia arudishe chungu, nitafidia. Alisema ameshakifungasha, mnunuzi anakisubiri, na hataki kukiona tena.

"Lakini nikuambie jambo," alisema. "Leo asubuhi kabla ya kukifungasha nilikitazama ndani. Ule mkono ulikuwa kwenye mdomo wa chungu, dada. Vidole vilikuwa vimepita ukingo, vimeshika kwa nje. Nilikwenda kuchukua kamera. Niliporudi palikuwa laini. Pote. Kama ulivyonitumia siku ya kwanza."

"Saa ngapi?"

"Saa tano, na dakika kadhaa. Kwa nini?"

Mwaka ulipita. Yule wa Migato alikuwa na afya. Alilima, alikwenda mnadani, alibeba ndoo kichwani. Hakunitania hata mara moja. Aliniita "wewe msichana", na alipokuwa akila aliweka mkono kuzunguka sahani.

Specioza alipokuja Oktoba 2023 alikuwa ameondoka kwa mumewe. Aliniambia kwamba Jumamosi, tarehe 2 Julai, Januarius alimtuma ampeleke shangazi hospitali ya Bariadi kupimwa macho. Hakumwambia sababu. Njiani Specioza alikumbuka kadi ya shangazi, akamwacha kwenye kivuli cha duka, akarudi. Alimkuta Januarius upenuni, shimo liko wazi, chungu kipo mapajani.

"Kilikuwa kimezibwa, wifi. Kifuniko, nta, na udongo juu yake umekuwa jiwe. Alivunja mbele yangu, hakijawahi kufunguliwa. Kisha akakigeuza. Akakigonga kitako kwa kiganja, kama unavyogeuza ugali kwenye sinia."

"Ikatoka nini?"

"Hakuna."

"Hata vumbi?"

"Hakuna kitu. Kikavu, kisafi. Akacheka, akasema, unaona, miaka yote tumekuwa tunalisha shimo." Specioza aliacha kuchambua. "Halafu akaniambia alichoambiwa na baba Shija kabla hajafa. Kisha akaniapisha nisimwambie mtu. Baba alimwambia chungu kisihamishwe, kwa sababu kile hakikai bila mtu. Kikimpoteza wa kwake, kitatafuta aliye karibu naye."

"Na ukanyamaza."

"Na wewe je?" aliniuliza. "Nilikuona unakwaruza."

Tulimaliza kuchambua mchele.

Novemba mwaka huohuo Athanasi alinitumia ujumbe. Mnunuzi, Mmarekani, alikuwa amekipeleka chungu kwa mtaalamu wao. Mtaalamu alithibitisha umri tuliousema. Akaongeza kwamba ndani, chini ya ule mng'ao wa kahawia, kuna kiganja cha kushoto cha mtu mzee sana, kidole cha mwisho kimepinda, na kwamba kina umri sawa na chungu, maana hakiwezi kuwa na mwingine. Waliuliza kama familia inajua habari za mfinyanzi. Waliuliza pia kuhusu mikwaruzo. Imeanzia kwenye kitako, ni ya kucha, na yote inaelekea juu. Mnunuzi anasema alipokinunua hakuiona, na sasa amehesabu arobaini na saba.

Sikujibu.

Leo ni tarehe 3 Februari 2025. Luhaga, babu yetu, alifariki 1971. Shija, baba yetu, alifariki 2016. Mzee Athanasi yu hai, ameacha biashara. Specioza yu hai, yuko kwao Kiloleli. Januarius yu hai, anaishi Migato, na amekonda. Mimi ni hai. Kulwa nilikuwa nimemwandika kati ya marehemu, nami nimemfuta. Doto yu hai. Mahali anapoishi sijapaandika.